Nani Anayeamua Kama Mlango Umefunguka?

Wengi wenu mmekwisha kuigiza parokiani. Mnajua jinsi kazi ile inavyotengenezwa: yuko aliyeandika maneno, yuko anayeongoza mazoezi, na siku ya sikukuu mwana mpotevu hurudi kwa baba yake, kwa sababu imeandikwa kwamba atarudi. Hakuna mtu ukumbini anayeogopa kwamba mwaka huu pengine ataamua kubaki na nguruwe. Leo nataka niwazungumzie mchezo mwingine wa kuigiza, ambamo hata yule anayeuongoza hajui kama mwana atarudi. Tena kutojua huko hakutokani na uvivu wa mwandishi; kumetengenezwa kwa makusudi, kwa kanuni zilizopimwa na kuandikwa.

Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi: yeye huwaeleza wengine mahali walipo, pango, ukuta wenye unyevu, mlango wa chuma, harufu ya moshi. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa namba: nguvu kiasi hiki, akili kiasi hiki, wepesi kiasi hiki. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini. “Nausukuma mlango.” Je, mlango unafunguka? Watoto wanaocheza polisi na mwizi hugombana mahali hapo hapo: “Nimekupiga!” “Hujanipiga!” Mchezo huu unalijibu swali lao kwa dadu, mara nyingi dadu ya pande 20. Mchezaji huirusha, huongeza namba iliyo kwenye karatasi yake, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, mlango umefunguka. Isipofikia, umebaki umefungwa, na pengine kelele zimemwamsha aliye ndani. Hakuna anayetangazwa mshindi. Kisa kimoja chaweza kuendelea miezi mingi.

Mimi niliufahamu kupitia mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji anakosoma, akiwa na sanduku la vitabu vya Kifaransa na mfuko wa dadu za rangi. Alikusanya vijana wanne wa mtaa wetu, na mimi nikaongezwa kwa kuwa meza ni yangu. Kwa sababu mimi ni katekista, walinipa mhusika ambaye ni kasisi. Kumbe kasisi wa mchezo huu huvaa deraya ya chuma na kubeba rungu. Wanaofahamu magoti yangu walicheka sana.

Najua baadhi ya wazazi watauliza juu ya uchawi, na katika nchi yetu, ambako watoto hufukuzwa nyumbani kwa tuhuma za uchawi, swali hilo si la kuchekwa. Jibu langu ni fupi. Mchawi wa mchezo huu ni mtu mwenye bohari. Katika kanuni za zamani, yule anayeanza ana neno moja tu la nguvu kwa siku. Akilitumia asubuhi kuwalaza maadui usingizi, hana kitu tena mpaka kesho, na saa zilizobaki huzipitisha nyuma ya migongo ya wenzake akiwa na kisu mkononi. Hakuna roho inayoitwa, hakuna jirani anayeshtakiwa, na yote yamo katika jedwali ambalo mtoto wa darasa la nne anaweza kulisoma. Viumbe vyake vingi vimetoka katika hekaya za kale za Ulaya na katika riwaya, zikiwemo za J.R.R. Tolkien, Mkatoliki wa Uingereza. Tuendelee.

Kilichonivuta mimi, mtu aliyefundishwa kuwa mwalimu, ni kanuni zenyewe. Vitabu vile vina mamia ya kurasa za majedwali, halafu wachezaji wenyewe husema kwamba wamekuja kusimulia hadithi. Kuna uhusiano gani kati ya jedwali na hadithi? Bibi zetu walisimulia habari za sungura bila dadu.

Swali hilo ni la zamani kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita kwa ajili ya mafunzo ya maafisa: ramani, vipande vya rangi mbili, dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi kati ya pande zote. Ulifundisha vizuri, lakini ulikuwa mzito. Mwaka 1876 afisa mwingine wa huko, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Andiko liamue, au mtu mwenye busara aamue? Ugomvi huo ulikuwa mezani karibu miaka 100 kabla ya joka lolote kuingia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, mpenzi wa michezo ya vita aliyeitwa David Wesely alitayarisha mchezo uliofanyika katika mji wa kubuni, Braunstein. Badala ya kuwapa wenzake majeshi peke yake, aliwapa baadhi yao nafasi za raia wa mji, kila mmoja na lengo lake. Wakaanza kunong'onezana, kwenda pembeni wawili wawili, kupanga njama ambazo kanuni zake hazikuziona kabisa. Wesely alidhani mchezo umeharibika. Wenzake wakamwomba awatayarishie mwingine. Mmoja wao, Dave Arneson, aliipeleka fikra hiyo katika nchi ya mazimwi na mahandaki aliyoiita Blackmoor. Kisha, pamoja na Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, wakatoa mwaka 1974 mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1000 katika uchapaji wa kwanza.

Wapo wanaotumia kisa cha Braunstein kuonyesha kwamba hadithi huzaliwa pale kanuni zinapokwisha. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Wale watu walinong'onezana kwa sababu kila mmoja alikuwa amepewa lengo lisilolingana na la jirani yake, na kumpa mchezaji lengo ni kumwekea kanuni, tena kanuni iliyo kubwa kuliko zote. Waondolee malengo yao, uone kama watapata la kunong'ona.

Chukueni kijitabu cha wanaoanza cha mwaka 1981. Ili askari wa ngazi ya kwanza apande ngazi ya pili, alihitaji pointi 2000. Adui wa kawaida mwenye nguvu sawa na yake, akishindwa, alileta pointi 10, nazo zilipaswa kugawanywa kwa kundi zima. Lakini kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa salama nje ya handaki ilileta pointi 1. Fanyeni hesabu wenyewe: maadui 200, au sanduku moja lililofichwa vizuri. Ongezeni kwamba yule mchawi wetu alianza na pointi za uhai zisizozidi 4, wakati pigo moja laweza kumwondolea mpaka 6. Anayezijua hesabu hizo hapigani ovyo. Atazunguka, atasikiliza mlangoni kabla ya kuusukuma, atatupa nyama kumpumbaza mnyama, atamhonga mlinzi, atakimbia. Mwandishi hakuandika popote “wahusika wawe wajanja na waoga kama sungura wa hadithi”. Aliandika bei ya dhahabu na bei ya adui, na sungura akatoka mwenyewe.

Katika kijitabu hicho hicho mna jedwali dogo ambalo mimi ningelifundisha katika chuo cha ualimu. Kundi likikutana na viumbe wasiojulikana, msimamizi hurusha dadu mbili za kawaida na kuzijumlisha. Ikiwa 2, wanashambulia papo hapo. Ikiwa 6, 7 au 8, hawajaamua, wanatazama. Ikiwa 12, wanakuwa marafiki kwa moyo wote. Mnaona kazi ya jedwali hilo? Msimamizi aliyeandaa zimwi kwa ajili ya vita analazimishwa na dadu kujiuliza: kwa nini zimwi hili linatabasamu? Limechoka na bwana wake? Limepotelewa na mtoto? Peke yake asingelifikiria jambo hilo, kwani kila mmoja wetu ana mazoea yake, na msimulizi asiyezuiwa na kitu husimulia daima hadithi ile ile aipendayo. Nimewasikia wahubiri wa namna hiyo, msiniulize majina.

Toleo la mwaka 2000 liliacha kulipa kwa dhahabu. Likalipa kwa kuvishinda vikwazo vilivyopangwa kwa viwango. Mahandaki yaleyale, mazimwi yaleyale, lakini kikwazo kinachohesabika kwa urahisi kuliko vyote ni adui, basi mapigano yakawa moyo wa jioni. Toleo la 2014, alilokuja nalo mpwa wangu, bado lina urithi huo. Nimeshuhudia pambano moja la dakika chache katika hadithi likila saa mbili za meza, kila mtu akingoja zamu yake na kujumlisha. Kijana mmoja alisinzia. Hapo ninawaelewa wanaozilaumu kanuni, maana zilikuwa nyingi kwa jambo moja na hazikuwapo kwa mengine: kurasa kwa kurasa za silaha, na karibu hakuna lolote la kutueleza kama mjane wa kijiji cha kubuni ametusamehe.

Wapo pia waliotaka hadithi kubwa na wakaipata kwa kuzifunga mikono kanuni. Mwaka 1984 Tracy Hickman na wenzake walianza kutoa mfululizo wa Dragonlance: wahusika walioandaliwa tayari, wenye majina na historia zao, na vita kubwa iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, sambamba na riwaya ambazo Hickman aliziandika pamoja na Margaret Weis. Kwa kuwa baadhi ya watu walihitajika katika sura za mbele, msimamizi alishauriwa kwamba mhusika muhimu akifa, afe kwa namna ambayo mwili wake haupatikani, ili aweze kurudi. Wengi waliupenda mfululizo ule, na sina haja ya kuwanyang'anya furaha yao. Lakini tazameni tulikofika: tumerudi katika ukumbi wa parokia, na mwana mpotevu amekwisha kurudi kabla hajaondoka. Mchezaji ni abiria wa garimoshi. Anaona milima mizuri dirishani, ila hashiki usukani.

Baadaye wengine waligundua njia iliyo bora zaidi: kuandika kanuni juu ya jambo lenyewe ambalo hadithi inalihusu. Katika Call of Cthulhu, mchezo wa mwaka 1981 wa Sandy Petersen, wahusika ni watu wa kawaida wanaochunguza mambo ya kutisha, na kila mmoja ana pointi za utimamu wa akili. Kila wanapozidi kujua siri zile, ndivyo kiwango cha juu cha utimamu wao kinavyoshuka, wala hakipandi tena. Matokeo yake ni kwamba wachezaji walewale ambao kwingine wangeuvunja mlango kwa teke, huku husimama mbele yake wakibishana kama ufunguliwe au uachwe.

Ninaoupenda kuliko yote ni Pendragon, uliotungwa na Greg Stafford mwaka 1985 juu ya mashujaa wa mfalme Arthur. Humo karatasi ya mhusika ina jozi 13 za tabia: msamaha na kisasi, ukarimu na uchoyo, ukweli na hila, huruma na ukatili, unyenyekevu na majivuno, na kadhalika. Kila jozi hutimiza 20, kiasi kwamba mwenye msamaha 14 ana kisasi 6. Jaribu likitokea, mchezaji hurusha dadu ya pande 20. Ikiangukia namba yake au chini yake, mhusika ametenda kwa tabia ile. Na tabia ikifika 16, mchezaji hana tena ruhusa ya kusema “leo sijisikii”. Sharti arushe, na pengine shujaa wake atamsamehe adui ambaye yeye mchezaji alitamani sana kumkata kichwa. Kitendo kikubwa cha huruma huwekewa alama pembeni ya karatasi, na majira ya baridi yakifika mchezaji huangalia kwa dadu kama huruma imekua. Katika majira hayo hayo shujaa huongeza umri, mavuno huhesabiwa, ndoa hufungwa, watoto huzaliwa na wengine hufa. Yeye mwenyewe akifa, mchezaji huendelea na mwanawe.

Sisemi kwamba fadhila ni namba. Neema haina jedwali, na kijana asije akaniletea karatasi yenye “usafi wa moyo 17”. Ninachosema ni kwamba Stafford aliwafanya watu wakae mezani usiku kucha wakiulizana kama fulani ni mwenye kisasi au la, jambo ambalo mimi nimelitafuta katika mafundisho ya kipaimara kwa miaka mingi, mara nyingine nikijibiwa na kimya na viatu vinavyosugua sakafu.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawanya nyumbani kwangu.

Jioni ya tano wahusika wetu walikuwa wakikimbia kutoka ngomeni pamoja na watoto watatu tuliowakomboa. Mbele yetu palikuwa na daraja jembamba la mbao, nyuma yetu maadui wengi kuliko tuliowahesabu. Binti mmoja mwanakwaya, ambaye mhusika wake alikuwa askari, akasema, “Nyinyi piteni. Mimi nabaki.” Hakuna aliyemwomba. Alisimama darajani zamu nne, akawazuia, na sisi tukavuka na watoto. Kisha pointi zake za uhai zikafika sifuri.

Katika toleo lile, anayefika sifuri hafi mara moja. Kila zamu hurusha dadu ya pande 20: 10 au zaidi ni kufaulu, chini ya hapo ni kushindwa. Akifaulu mara tatu, ametulia na atapona. Akishindwa mara tatu, amekufa. Alifaulu mara moja, akashindwa mara mbili. Tulikuwa tumeinama wote juu ya meza, na umeme ulikuwa umekatika, dadu ikimulikwa na taa ya simu. Ikaonyesha 6.

Mpwa wangu akasema upesi, “Dada, dadu iliegemea daftari. Rusha tena.”

Haikuegemea daftari. Sote tuliona.

Binti akaitazama kitambo, akajibu, “Yaya, haikuegemea. Ukiniambia nirushe tena, basi sikubaki darajani. Nilisimama tu pale.”

Kijana mmoja akakasirika: huu ni mchezo, tumekuja kufurahi, nani atafaidika na maiti? Mwingine akasema kwamba kama yeye anafufuliwa, na mhusika wake aliyekufa juma lililopita afufuliwe. Mpwa wangu akanigeukia, “Mjomba, kazi ya msimamizi ni kulinda hadithi. Amecheza vizuri kuliko sisi sote. Hata Gygax mwenyewe aliruhusu.” Nilikisoma kifungu alichokitaja baadaye, na ni kweli. Katika mwongozo wa wasimamizi wa mwaka 1979, Gygax anaeleza kwamba inavunja moyo kumpoteza mhusika kwa bahati mbaya ya dadu wakati mchezaji ametenda kwa busara, na kwamba msimamizi anaweza kuamua mhusika azimie, au apoteze kiungo, badala ya kufa.

Nilimjibu mpwa wangu hivi, na bado nasimama hapo. Kwanza, huyo Gygax anadai mguu au jicho. Hasemi dadu iliegemea daftari. Anaonea huruma mbele ya watu wote, na bei inalipwa. Pili, kanuni yaweza kubadilishwa mchana, kabla mtu yeyote hajakanyaga daraja, wote wakisikia. Ziko meza zinazokubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna mhusika atakayekufa bila idhini ya mwenye naye; hiyo nayo ni kanuni ya haki, na kwa watoto wadogo ningeichagua mimi mwenyewe. Lakini binti yule aliposema “nabaki”, alisema akijua kwamba dadu inaweza kumuua. Hiyo ndiyo iliyofanya neno lake liwe na uzito. Ukiigeuza dadu baada ya kuanguka, hukumpa uhai. Umemnyang'anya kitu alichokitenda saa nzima iliyopita. Nasi tunaoishi katika nchi ambamo pointi za mtihani huweza kununuliwa tunajua vizuri jinsi inavyokuwa kwa yule aliyefaulu kwa jasho lake, siku anapogundua kwamba namba za darasa lake huandikwa upya usiku. Mwalimu aliyemwongezea jirani yake kwa huruma hakumkusudia yeye ubaya. Amemwibia hata hivyo.

Mpwa wangu hakuridhika kabisa. Alisema mimi nafikiri kama msahihishaji wa mitihani, na kwamba ziko jioni ambazo watu wamekuja mezani wakiwa wamechoka na vifo vya kweli. Neno hilo nililipokea kimya, kwani miongoni mwa walioketi pale walikuwapo waliozika mwaka ule. Lakini aliyezika mwaka ule alikuwa binti mwenyewe, naye ndiye aliyekataa.

Juma lililofuata alikuja na karatasi mpya: mdogo wake askari aliyeanguka, anayetafuta upanga wa dada yake. Wale watoto watatu, ambao mpaka hapo msimamizi hakuwa amewapa hata majina, wakawa wana wa kijiji kizima. Kila mchezaji alitaka kujua wanakula nini, wanalala wapi. Kasisi wangu mwenye rungu alirudi darajani kuzika. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwamo katika daftari la mpwa wangu. Yeye alikuwa amepanga twende kwa mfalme.

Sasa amerudi Ubelgiji na vitabu vyake, dadu ameziacha. Vijana hawana kitabu, kwa hiyo wameanza kuandika mchezo wao, na binti yule ndiye msimamizi. Wameweka pembeni majoka. Wahusika wao ni wafanyakazi wa boti ya mbao inayosafiri usiku kutoka Bukavu hadi Goma: nahodha, fundi wa mota, karani wa mizigo, na mwenye duka anayesindikiza bidhaa zake. Kanuni ya kwanza waliyoiandika ilikuwa nyepesi: gunia moja likifika Goma, pointi 1. Ya pili ilihusu mawimbi: boti ikizidisha kiwango chake, hatari huongezeka, na kila saa msimamizi hurusha dadu ya pande 20.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Safari ya pili, magunia yalikuwa yamejaa mpaka abiria wakaketi juu yake. Nawafahamu vijana hao. Hakuna hata mmoja aliye mwovu, wawili kati yao huhudumu altareni. Walipiga hesabu tu, wakaona kwamba hatari ya safari moja ni ndogo na magunia ni mengi. Karibu na kisiwa cha Idjwi dadu ikaonyesha 1. Karani wa mizigo akapiga kelele kwamba msimamizi amewaonea. Binti akafungua daftari, akawaonyesha mwandiko wao wenyewe.

Sisi tulio kando ya ziwa Kivu hatuhitaji kuelezwa kisa cha namna hiyo. Walikaa kimya kidogo, kisha wakaanza kubishana juu ya kanuni ya kwanza. Mmoja alitaka abiria nao wahesabiwe pointi wanapofika. Mwenzake akajibu kwamba basi watawapakia abiria kama walivyopakia magunia. Mwingine alitaka abiria akifa, pointi ziondolewe. Wakakubaliana haraka, na karani akashika kalamu, akauliza ziondolewe ngapi. Mmoja akasema 10. Binti akamuuliza kwa upole, “Kwa hiyo kuanzia gunia la kumi na moja, inafaa?” Wakasema 100. Wakasema 1000. Fundi wa mota akasema kwamba wakiweka 1000 hakuna boti itakayoondoka Bukavu, na chakula hakitafika Goma, na huko nako kuna watu.

Wanakutana tena Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Nafasi ya namba ile, katika daftari, bado iko wazi.